Albamu ya Picha Mtandaoni: Kazi Yetu Ionekane na Jina Letu

Leo tutajifunza jambo ambalo vijana wengi wanadhani ni lao peke yao. Tutajifunza kutengeneza albamu ya picha kwa programu ya usanifu, na kuiweka mtandaoni ili watu wa mbali waione.

Usiseme, "Mimi ni mtu mzima, hayo ni ya watoto wa sekondari." Hapana. Kazi hii ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kubonyeza simu. Hapo kijana anaweza kukusaidia, nawe utazoea kwa siku chache. Sehemu ya pili ni kuchagua picha, kuomba ruhusa ya watu waliomo, na kuandika maneno ya kweli chini ya kila picha. Sehemu hii ndiyo kubwa. Inamtaka mtu anayejua kusoma, kuandika na kufikiri. Mtu huyo ni wewe.

1. ALBAMU YA MTANDAONI NI NINI?

Albamu ya kawaida unaijua. Ni kitabu cha picha kinachowekwa mezani, na mgeni akifika hupewa atazame wakati chai inachemka. Anayetaka kuiona lazima aje nyumbani kwako.

Albamu ya mtandaoni haina karatasi. Picha zake zinakaa katika kompyuta kubwa zinazowaka usiku na mchana. Mtu mwenye simu au kompyuta iliyounganishwa na intaneti anaweza kuzifungua, awe Makambako au awe Ujerumani. Kitu anachohitaji ni anwani ya albamu hiyo. Anwani hiyo vijana huiita linki.

Jambo hili si la zamani sana. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi, alitoa pendekezo la mtandao wa kurasa ambao sasa dunia nzima inautumia. Mwaka 1992 picha ya wanawake wanne iliwekwa katika mtandao huo. Walikuwa kikundi cha waimbaji pale pale kazini. Picha hiyo inatajwa kuwa miongoni mwa picha za kwanza kabisa kuwekwa mtandaoni. Kwa hiyo kikundi cha wanawake kuweka picha zao mtandaoni si jambo geni. Limekuwepo tangu mwanzo.

2. KWA NINI TUJIFUNZE?

Tuchukue mfano. Katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Iringa kuna kikundi cha kina mama kumi na wawili. Wanasuka vikapu vya milulu. Milulu hukatwa mabondeni penye maji, hukaushwa, kisha husukwa kwa mkono. Kazi hii inataka macho, vidole na subira.

Siku moja mchuuzi anafika na gari. Ananunua vikapu arobaini kwa bei ya chini. Kabla ya kuondoka anatoa simu na kupiga picha za vikapu. Kina mama wanatabasamu, wanaona ni heshima. Baada ya miezi mitatu kijana wa mmoja wao anaona picha zile zile mtandaoni. Vikapu vinauzwa mara nne ya bei ya kijijini. Chini yake limeandikwa jina la duka la mchuuzi. Hakuna jina la kijiji. Hakuna jina la msukaji hata mmoja.

Je, kina mama wafanye nini? Wagombane na mchuuzi? Kununua alinunua. Picha alipiga yeye, na kwa kawaida mwenye haki ya picha ni yule aliyeipiga. Shida ni kwamba mnunuzi wa mbali ameonyeshwa habari za upande mmoja tu. Upande wa kina mama haukuwa na picha wala maneno.

Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli pale sokoni, ambapo mnunuzi anakishika kikapu na kukigeuza. Lakini mnunuzi aliye mbali hawezi kukishika. Anaona picha na kusoma maneno basi. Asipoona jina lako, kwake wewe haupo.

Kwa hiyo kikundi kinaamua kutengeneza albamu yake. Sasa tufuatane nao hatua kwa hatua.

3. HATUA YA KWANZA: OMBA RUHUSA

Watu wengi huanza kwa kupiga picha. Sisi tunaanza kwa kuuliza. Tusikilize katibu wa kikundi akizungumza na bibi mmoja, msukaji wa siku nyingi.

Katibu: Hodi! Shikamoo bibi.

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Karibu, keti.

Katibu: Ahsante bibi. Kikundi kinatengeneza albamu ya picha za vikapu. Tungependa kukupiga picha ukisuka.

Bibi: Picha hiyo itakwenda wapi?

Katibu: Itawekwa mtandaoni. Mtu wa Dar es Salaam ataiona, na mtu wa Ulaya ataiona.

Bibi: Watu nisiowajua?

Katibu: Ndiyo bibi. Na mwingine anaweza kuihifadhi katika simu yake. Hata sisi tukiifuta, yeye atabaki nayo.

Bibi: Ala! Basi sura yangu niachie mwenyewe. Sura yangu ni ya wajukuu zangu. Piga mikono. Kikapu kinasukwa na mikono.

Katibu: Sawa bibi. Na jina lako tuandike?

Bibi: Jina andika. Si nimesuka mimi? Lakini la ukoo liache.

Katibu: Haya bibi. Tukimaliza nitakuletea uione kabla haijatoka.

Umeona, ndugu msomaji? Katibu amefanya mambo manne. Amesema picha ni ya kazi gani. Amesema itaonwa na nani. Amesema ukweli kwamba ikishatoka haiwezi kurudishwa yote. Tena amekubali jibu la bibi bila kumlazimisha. Mtu akikubali nusu, chukua nusu hiyo. Na picha ya mikono ya bibi huenda ikawa nzuri kuliko zote.

Kuhusu watoto tuwe waangalifu zaidi. Mtoto akipita nyuma ya kikapu na shati lililochanika, sisi tunaona mtoto anacheza. Lakini mtu mbaya anaweza kuikata picha hiyo, akaandika kwamba huyu ni yatima, akaombea fedha. Mama yake yuko hai, yuko shambani! Picha ya mtoto isiwekwe bila mzazi wake kujua na kukubali. Kama albamu ni ya vikapu, mtoto ana kazi gani humo? Mwite pembeni kwanza, halafu upige picha.

Jambo hili lina sheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za mtu ni mali inayotakiwa kuheshimiwa. Kwa hiyo katibu aandike katika daftari la kikundi: tarehe, nani ameombwa, amekubali nini na amekataa nini. Mwenyewe atie saini. Mistari miwili inatosha. Siku ya ubishi, daftari litasema.

4. HATUA YA PILI: PIGA PICHA

Huhitaji kamera ya bei kubwa. Simu yenye kamera inatosha. Fuata mambo haya:

(a) Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Kidole chenye mafuta kikigusa kioo, picha inakuwa na ukungu.

(b) Piga asubuhi au alasiri, mahali penye kivuli cheupe, kwa mfano barazani. Jua la saa saba mchana huleta vivuli vyeusi na hupausha rangi.

(c) Jua liwe nyuma yako wewe mpigaji, au ubavuni. Lisiwe nyuma ya kikapu.

(d) Weka kikapu juu ya kitu cha rangi moja: mkeka, kanga iliyogeuzwa, au ukuta uliopakwa chokaa. Ondoa ndoo, malapa na kuku.

(e) Piga kila kikapu mara tatu: kikiwa kizima, kwa karibu ili msuko uonekane, na kikiwa kimeshikwa na mtu ili ukubwa wake ujulikane.

(f) Shika simu kwa mikono miwili. Bana viwiko mbavuni. Usipumue wakati wa kubonyeza.

Jambo moja zaidi. Simu nyingi zinaweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Wewe huoni maandishi hayo, lakini mwenye ujuzi anaweza kuyasoma. Kama hutaki mtu ajue mlango wa nyumba yako, ingia katika mipangilio ya kamera uzime sehemu ya mahali. Muulize kijana akuonyeshe.

5. HATUA YA TATU: CHAGUA NA PUNGUZA

Tuseme kikundi kimepiga picha sitini. Je, wote sitini waingie kwenye albamu? Hapana. Mgeni ukimwekea sahani kumi na tano mezani, hatajua aanze na ipi. Chagua kumi na mbili. Kikundi kikae pamoja, kitazame, kibishane. Picha mbili zinazofanana, moja itoke. Picha yenye ukungu itoke. Picha ambayo mwenyewe haipendi sura yake itoke bila maswali.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu bando ni fedha. Uzito wa picha hupimwa kwa KB na MB. KB 1,000 ni kama MB 1. Picha moja ya simu inaweza kuwa na MB 4. Basi:

Picha 12 × MB 4 = MB 48.

Ukipunguza kila picha ifike KB 300:

Picha 12 × KB 300 = KB 3,600, yaani MB 3.6.

Umeokoa MB zaidi ya 44 kwa kupandisha mara moja tu. Na mnunuzi naye, picha zitamfungukia upesi. Njia rahisi ya kupunguza ni kujitumia picha kwa WhatsApp kwa namna ya kawaida, maana WhatsApp huipunguza yenyewe. Lakini usiifute picha ya mwanzo. Itunze. Siku ukitaka kuchapa bango kubwa, utahitaji ile yenye uzito.

6. HATUA YA NNE: ANDIKA MAELEZO

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Kabla ya kufungua programu yoyote, chukua daftari na kalamu. Andika maneno ya kila picha.

Tazama maelezo haya:

"Kikapu kizuri sana cha Afrika."

Je, yanamwambia nini mnunuzi? Hakuna. Afrika ni kubwa, na kila muuzaji husema chake ni kizuri. Mchuuzi angeweza kuandika vivyo hivyo.

Sasa tazama haya:

"Kikapu cha milulu chenye mfuniko. Kimo sentimita 30, upana sentimita 25. Kimesukwa kwa mkono kwa siku nne. Msukaji: ............ Kijiji: ............, Mkoa wa Iringa, Tanzania. Bei kijijini: shilingi ............"

Haya yana uzito. Yanajibu maswali matano: Ni nini? Kimetengenezwa kwa kitu gani? Ametengeneza nani? Wapi? Kina kiasi gani, yaani ukubwa, siku na bei? Mtu akiichukua picha hiyo na maneno yake, jina la msukaji linasafiri pamoja nayo. Ndiyo maana wakati wa kupanga tutaandika jina la kikundi na kijiji juu ya picha yenyewe, pembeni, kwa herufi ndogo. Mwizi anaweza kulikata, lakini itabidi afanye kazi.

Andika ukweli. Kama rangi mmenunua dukani, msiandike kwamba mmechemsha mizizi. Kama kikapu kimetumia siku nne, msiandike wiki mbili ili kupandisha bei. Mnunuzi mmoja akigundua uongo, atawaambia wenzake, na albamu nzima itapoteza heshima. Pimeni kwa rula, hesabuni siku, kisha andikeni.

Mwisho wa albamu weka ukurasa wa kikundi: jina la kikundi, kijiji, wilaya na mkoa, namba moja ya simu ya kikundi, na maneno matano au sita juu ya historia yenu. Usiweke kitambulisho cha mtu, wala namba ya akaunti, wala karatasi yoyote ya benki.

7. HATUA YA TANO: PANGA KWA PROGRAMU

Programu ya usanifu ni chombo cha kupanga picha, maneno na rangi vikae vizuri ukurasani. Ziko nyingi. Photoshop ya kampuni ya Adobe ilitoka mwaka 1990. Ina nguvu sana lakini ni ya kulipia na inahitaji mazoezi marefu. Kwa somo hili tutatumia Canva. Ilianzishwa Australia na kufunguliwa kwa watu mwaka 2013. Inafanya kazi kwenye simu na kwenye kompyuta, na ina sehemu ya bure inayotosha kwa albamu.

Fanya hivi:

(a) Pakua Canva kutoka duka la programu la simu yako. Jiandikishe kwa barua pepe ya kikundi, si ya mtu mmoja. Mtu akihama, albamu isihame naye.

(b) Bonyeza alama ya kujumlisha (+) ili kuanza kazi mpya. Chagua aina ya kazi. Kama mnataka albamu yenye anwani yake, chagua aina ya tovuti.

(c) Utaona mifano mingi iliyokwisha kupangwa. Chagua mmoja mwepesi, wenye picha kubwa na maneno machache. Ukiona alama ndogo ya taji, ujue kitu hicho ni cha kulipia. Kiache.

(d) Pandisha picha zenu kumi na mbili. Kisha weka kila moja mahali pa picha ya mfano. Ukurasa mmoja uwe na picha moja, au mbili kwa wingi.

(e) Gusa maneno ya mfano, yafute, na uandike maelezo kutoka katika daftari. Angalia sana: maneno ya mfano yakisahaulika, albamu yenu itakuwa na habari za watu wengine.

(f) Tumia rangi mbili tu na aina moja ya herufi. Herufi ziwe kubwa. Asomaye kwa simu ndogo asikunje uso.

(g) Usibadilishe rangi ya kikapu ili king'ae kuliko kilivyo. Mnunuzi akipokea kikapu cheusi kuliko picha, atakirudisha.

Programu hizi hubadilika sura mara kwa mara. Leo kitufe kiko juu, kesho kiko chini. Usiogope. Tafuta alama, usikariri mahali.

8. HATUA YA SITA: ITOENI HEWANI

Kabla ya kuitoa, kikundi kikae tena. Mtu mmoja asome maelezo yote kwa sauti, pole pole. Wengine wasikilize kama jina limekosewa, kama bei ni sahihi, kama kuna sura isiyotakiwa. Bibi yule aonyeshwe picha ya mikono yake, kama alivyoahidiwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Ni rahisi kungoja siku moja kuliko kufuta baadaye.

Mkisharidhika, kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni kupakua albamu kama faili la PDF, kisha kulituma kwa WhatsApp kwa wanunuzi mnaowajua. Njia hii haihitaji mtu kuwa na anwani yenu. Ubaya wake ni huu: mkibadilisha bei, lile la zamani bado linazunguka.

Njia ya pili ni kuitoa kama tovuti. Canva itawapa anwani ya bure yenye maneno my.canva.site ndani yake. Mtume anwani hiyo kwa yeyote, muiandike kwenye kadi ya kila kikapu na kwenye ubao wa ofisi ya kikundi. Uzuri wake ni kwamba mkirekebisha na kutoa upya, kila anayefungua anaona mpya. Mkitaka kuifunga, mnaweza. Lakini kumbukeni maneno ya katibu: aliyekwisha kuhifadhi picha anabaki nayo.

Simu zikianza kuingia, shangilieni, lakini macho yawe wazi. Huenda mtu mkamsikia akisema, "Nataka vikapu mia mbili, nitumieni kwanza fedha za kibali cha kusafirisha." Mnunuzi wa kweli hulipa, haombi kulipwa. Mwingine atatuma ujumbe kwamba ametuma fedha kwa bahati mbaya zaidi, mumrudishie kiasi. Msiamini ujumbe. Angalieni salio lenu wenyewe kwanza. Na kikapu kisitoke kabla fedha hazijaonekana.

9. HATUA YA SABA: ITUNZENI

Wengi hufikiri kitu kikiwa mtandaoni kinadumu milele. Si hivyo. Zamani watu wengi duniani walitengeneza albamu za picha kwa programu iliyoitwa Flash. Zilikuwa za kupendeza, picha zilipita zenyewe na muziki ukilia. Kampuni ya Adobe iliacha kuitunza Flash tarehe 31 Desemba 2020, na programu za kufungulia mtandao zikaacha kuifungua. Albamu hizo zikafungwa. Waliokuwa na picha zao pembeni walizitengeneza upya. Wasiokuwa nazo walibaki na hasara.

Kwa hiyo wekeni nakala tatu: moja kwenye simu ya kikundi, moja kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta ya mtu mwaminifu, na moja ya karatasi. Ndiyo, karatasi! Chapeni albamu mjini, muihifadhi ofisini. Umeme ukikatika na bando likiisha, karatasi bado inasomeka.

Neno la siri la akaunti lijulikane na watu wawili: mwenyekiti na katibu. Liandikwe, lifungwe kwenye bahasha, liwekwe pamoja na vitabu vya fedha. Viongozi wakibadilika, neno la siri nalo libadilishwe. Na kila baada ya miezi mitatu fungueni albamu, muondoe vikapu vilivyouzwa na muongeze vipya.

MANENO YA KUKUMBUKA

Anwani (linki): maandishi yanayomfikisha mtu kwenye albamu yako.

Kupandisha: kutoa picha kwenye simu na kuipeleka mtandaoni.

Kupakua: kutoa kitu mtandaoni na kukiweka kwenye simu.

Maelezo: maneno yanayoandikwa chini au pembeni ya picha.

Nakala: mfano wa pili wa kitu kile kile, unaotunzwa kwa usalama.

MASWALI

1. Kuna tofauti gani kati ya albamu ya mezani na albamu ya mtandaoni?

2. Kwa nini jina la kina mama halikuonekana kwenye picha za mchuuzi?

3. Taja mambo manne aliyofanya katibu alipoomba ruhusa kwa bibi.

4. Picha 10 zina uzito wa MB 3 kila moja. Zote zina MB ngapi? Zikipunguzwa ziwe KB 200 kila moja, zitakuwa na KB ngapi?

5. Soma maelezo haya: "Asali safi kabisa." Yanakosa nini? Yaandike upya.

6. Kwa nini tunaweka nakala ya karatasi?

KAZI YA KUFANYA

Kaeni watu watano wa kisomo au wa kikundi chenu. Chagueni kitu kimoja kinachotengenezwa kijijini kwenu: chungu, mkeka, jembe la mhunzi, asali au kikapu. Huenda hamna simu nzuri wala bando. Haidhuru. Chukueni daftari, mwende kwa mtengenezaji, mumsalimu, mumwombe ruhusa. Mwandike majibu ya maswali yale matano: nini, kwa kitu gani, nani, wapi, kiasi gani. Mkirudi msomeeni mwenyewe mlichoandika, aseme kama ni kweli.

Mkifanya hivyo, sehemu kubwa ya albamu mmekwisha kuimaliza. Simu ikipatikana, mtaongeza picha.